Lori Lililotapisha Watu

Nilipewa kazi ya kukagua magari wakati sijui kuendesha hata pikipiki. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya mipango, nikarudi nyumbani Kigoma. Ilikuwa miaka ile ambapo watu wa Burundi walikuwa wakiingia kwa wingi kupitia Kagunga, wakiletwa na meli hadi bandari ya mjini, kisha kwa magari hadi kambini, upande wa Kasulu. Shirika lililoniajiri lilikuwa na lori dogo linalotumia petroli, la kubebea wazee na wajawazito. Kabla ya kila safari nililizunguka na fomu, nikatia sahihi kwamba ni salama, halafu nikashinda nikiogopa simu yangu isilie.

Wiki moja taa ya injini ikawaka, ile ya njano kwenye dashibodi.

"Shikamoo mzee. Hii taa?" nilimuuliza dereva, mtu mzima wa Ujiji ambaye kofia yake haikukosa pasi hata siku moja.

"Marahaba. Hiyo inakujulisha kwamba injini ipo." Akakata kipande cha plasta nyeusi, akaibandika juu ya taa. "Basi, imepona."

Nilibandua plasta. Akacheka. "Msomi, wewe utakufa kwa kuwaza."

Sikuwaza bure. Katika safari mbili zilizotangulia, watu walishuka kambini wakitapika. Siku hizo kulikuwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika, kwa hiyo kila aliyetapika alipelekwa moja kwa moja kwenye hema la kutengwa, na watoto wake wakapelekwa kwingine. Habari zilikuwa zimerudi hadi bandarini. Asubuhi hiyo bibi mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya kesho alinisimamisha. Alikuwa amemshika mjukuu wake kifundo cha mkono, si kiganja, kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, "gari lako linaumiza watu. Wakinishusha natapika, huyu nitamwacha kwa nani? Hana mwingine."

Nilimwambia ni uchovu wa meli tu. Nilisema hivyo kwa sauti ya ofisini, nikaondoka haraka kabla hajaniuliza nimejuaje.

Mimi hofu yangu ilikuwa kwenye vilima vya njiani. Akilini niliona injini ikizimika katikati ya mlima, lori likirudi nyuma na watu wake. Tukaenda karakana moja ya mjini, fundi akachomeka mashine ya kusomea hitilafu. Ikasema sensa ya oksijeni, ile ya mbele, kwenye bomba la moshi: inaona hewa nyingi kupita kiasi. Nilishukuru Mungu, kwa sababu jibu lilikuwa na jina. Tukafungua sensa nzima kutoka kwenye lori jingine la shirika lililokuwa limeegeshwa, tukaifunga kwetu, tukafuta hitilafu. Taa ikazimika. Tulikwenda Ujiji na kurudi. Kabla hatujafika mjini ikawaka tena.

"Sasa ni wewe na hiyo taa," dereva alisema, akitafuta plasta yake.

Nilimwomba tujaribu Bangwe, kwa fundi mmoja Muha ambaye madereva walimsifu na kumlalamikia kwa jambo hilohilo: hana haraka. Hakutaka hata kuiona karatasi yenye majibu ya mashine. Alimwambia dereva awashe gari, akachukua tambara bichi, akaziba mdomo wa bomba la moshi kwa nyuma, akaniagiza nilikandamize. Kisha akaingia chini ya gari kwa mgongo na kutulia kabisa, kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

"Zima!" alipaza sauti. "Njoo uone, bwana mkubwa."

Niliingia na shati langu jeupe. Kwenye maungio ya bomba, mbele kidogo ya sensa, gasketi, ile pete ya kuzibia, ilikuwa imeliwa upande mmoja na pembeni kumejaa masizi.

"Hapa moshi unatoka na hewa inaingia. Sensa inaiona hewa, inasema. Kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inaongeza. Moshi unazidi kuwa mbaya. Nyie mmekwenda kumfunga shahidi." Akanyoosha kidole juu, kwenye mbao za sakafu ya lori, zilizoachana kiasi cha kupitisha kidole. "Watu hukaa wapi?"

"Hapo juu."

Alitoka, akazunguka nyuma. Akaligusa turubai, akavuta kamba zilizolibana hadi chini pande zote. "Na hili nani kalifunga namna hii?"

Ni mimi. Nilikuwa nimelipeleka kwa fundi wa maturubai wa Ujiji aongeze matundu ya kupitishia kamba, kwa sababu niliogopa vumbi litawakohoza watoto. Nililikagua kila safari nisione hata upenyo.

Dereva hakutania. "Mie mbele nafungua kioo," alisema polepole. "Wao hawana kioo."

Fundi alibadilisha gasketi siku hiyohiyo, akapigilia bati juu ya mbao. Niliporudi ofisini nilikuwa nimeshatunga sentensi nane za kujikinga. Nilipomfikia mkuu wangu sikuikumbuka hata moja. Nilimwambia wale watu hawakuwa wagonjwa, ni moshi, na turubai ni langu. Alichukua simu, akapiga kambini.

Kesho yake nilipanda nyuma na abiria, turubai likiwa limekunjwa juu. Njia nzima nilinusa hewa, nikimtazama bibi usoni. Alipofumba macho nilimgusa bega. Mara ya tatu alinikemea: "Niache nisinzie, we mtoto!"

Tulipofika, muuguzi alimwuliza kama ametapika. "Oya," alijibu, hapana. Muuguzi alimkagua macho, akamwashiria apite. Alipita, mkono ukiwa bado kwenye kifundo cha mjukuu, bila kuniaga.

Nilikwenda kwenye hema la kutengwa. Kati ya wale waliotapika walikuwa wamebaki wawili; mmoja alikuwa ameruhusiwa asubuhi. Wa pili, mama wa watoto wawili, alikuwa bado ndani. Wauguzi waliniambia sasa anaharisha kweli, na kwamba alipoletwa hakuwa akiharisha.