Lugha ya Bibi Maiwenn

Juzi, katika duka moja la Golden Valley, huku ughaibuni, niliona siagi ya chumvi kutoka Bretagne, nikakumbuka alasiri moja utotoni kwa jirani yetu wa Fridley, Bibi Maiwenn. Alikuwa akipika chapati nyembamba za unga wa rangi ya majivu, na harufu ya siagi ilijaa hadi kwenye korido. Aliposema kwao ni Bretagne, mimi, kwa mlio wa jina hilo, nilidhani ni Uingereza, kwa malkia.

Alicheka. "Ni Ufaransa, mwanangu. Kwa wavuvi na wakulima wenye lugha yao."

Mara mama akaniita kwa Kiswahili kutoka kwenye korido. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

Bibi Maiwenn akazima jiko. "Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kusema Kibretoni, lugha yetu," alisema polepole. "Mama yangu akaogopa kunifundisha. Nimejifunza uzeeni, kwa vitabu."

Sikujua kwamba mtu anaweza kuchapwa kwa lugha ya mama yake, wala kwamba bibi mwenye mvi anaweza kurudi kuitafuta.

Mama alipoita tena, niliitika, "Abee, mama! Naja."

Kwenye korido hatua za mama zilisimama ghafla, kisha nikamsikia akicheka peke yake.