Kumfunga Baba Mkono

Mimi ni wa mashoto. Nyumbani siku hizi hakuna anayelitaja jambo hilo, maana baba alilimaliza nikiwa mdogo. Wakati wa kula alikuwa ananifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga ya mama, mpaka wa kulia ukajifunza kumega ugali. "Kushoto ni kwa chooni," alikuwa akisema. Hakunipiga. Alifunga tu, akaendelea kula, mimi najidondoshea mchuzi kifuani.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, kiharusi kilimkuta baba shambani kwetu Nangara akipalilia maharage. Upande wa kulia ulilala wote. Mguu ulirudi mapema, akawa anatembea kwa kuuburuta. Mkono haukurudi. Vidole vilijikunja kama vimeshika kitu, na hicho kitu havikutaka kukiachia.

Tangu atoke hospitali akawa anakula chumbani, mlango umerudishiwa. Mama anampelekea sahani na kijiko, anakula kwa kushoto huko huko ndani, asionekane. Mkekani tukabaki watatu: mama, mdogo wangu wa darasa la pili, na mimi. Chakula kilikuwa hakipiti. Nilikuwa nasikiliza kijiko kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta, kikinyamaza, kikigonga tena. Nilitaka kitu kimoja tu, baba arudi mkekani. Sikumwambia mtu. Mambo ya namna hiyo mimi siwezi kuyasema. Hata darasani nikijua jibu, moyo unadunda mpaka kengele inapigwa na jibu nimelimeza.

Kliniki kuna dada anayefanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Siku moja nilimsindikiza baba na mama, nikamsikia akisema, "Huu mkono mzima unamdekeza mwenzake. Mfungeni huu mzima kidogo kila siku, mgonjwa akose pa kukimbilia."

Mama aliitikia. Baba alitazama dirishani. Mimi masikio yalinichoma moto.

Tulipofika nyumbani mama akageuka. "Mimi nimfunge mume wangu kama mbuzi? Majirani wakichungulia?" Akaniwekea kanga mapajani. "Mfunge wewe. Wewe unajua inavyokuwa."

Nilienda alikokaa, barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kulipiza?"

Sikujua kama ni utani. Uso wake siku hizi unacheka upande mmoja, huwezi kuusoma.

"Hapana, baba."

"Basi kaza. Wako nilikuwa nakaza."

Nikakaza. Mama akaleta kiporo cha ugali kwenye bakuli, na mboga kwenye jingine. Baba akausukuma mkono wa kulia mpaka ndani ya ugali, akashika. Kushika aliweza. Kuachia ndiyo ikashindikana. Ngumi ikazidi kujibana, ugali ukachomoza katikati ya vidole, jasho likamtoka.

"Baba kaukamata ugali kama mwizi!" mdogo wangu akasema. Mama akamkata jicho.

Sijui nilipata wapi sauti. "Baba, usiuangalie mkono. Ukiuangalia unakataa."

"Nani kakwambia?"

"Hata wangu ulikuwa unakataa. Angalia mboga, unakotaka kufika."

Halafu, bila kunitazama: "Ule mwingine bado unautumia?"

"Nikiwa peke yangu."

"Kuandikia?"

"Kuandikia."

Akaguna. Akaangalia bakuli la mboga, na kidole cha shahada kikalegea.

Baada ya hapo sikutulia tena. Mwalimu wa fizikia anaeleza, mimi chini ya dawati nakunja na kukunjua vidole vyangu, nikijaribu kuelewa kipi kinakitegemea kipi. Kengele ikilia natoka mbio, napita kijiwe cha bodaboda bila kumsalimia mtu, nafika nahema: "Kimefunguka?"

"Msalimie kwanza baba yako," mama anasema, "ndipo uulize habari za vidole."

Vilikuwa vinafunguka, kimoja kimoja, kwa kinyongo. Dole gumba ndilo lililolala. Na bila dole gumba tonge halina shimo. Mchuzi utachovya, sawa, lakini mlenda unavyoteleza, utauchota na nini?

Hapo ndipo nilipoharibu. Jioni moja alihangaika mpaka uvumilivu ukaniisha mimi, si yeye. Nikamega tonge, nikalifinyanga, nikalitoboa shimo zuri, nikamwekea kwenye kiganja kama anavyofanyiwa mtoto anayeanza kula.

Akalitazama. Akalirudisha kwenye bakuli kwa shida, taratibu.

"Mimi nimeota meno siku nyingi, mama," akaniambia mimi binti yake.

Akainuka, akaingia chumbani, mlango ukarudishiwa. Kesho yake nilipoleta kanga akasema amechoka. Keshokutwa vilevile. Kijiko kikarudi kugonga sahani. Nilifua sare ambayo ilikuwa safi. Nilifagia uwanja mara mbili, mama akaniuliza kama kuna mgeni.

Jumapili tumetoka kanisani, mama ametenga ugali na mlenda, tumeshanawa. Mlango ukafunguka. Baba akaja akiuburuta mguu, akajishusha mkekani kwa kushikilia ukuta, akanigeuzia mkono wa kushoto.

"Funga."

Kanga ilikuwa kambani imelowa. Mama akajivua kilemba chake cha kanisani, akanipa. Nikafunga. Nikakaza.

Akamega. Tonge lilikuwa bonge lisilo na sura, shimo hakuna. Akaliangalia bakuli, si mkono. Akalizamisha lote kwenye mlenda, akalivuta, uzi mrefu ukamfuata mpaka kidevuni na kifuani.

"Baba, umejipaka shati," mdogo wangu akasema.

"Shati la nani?"

"Lako."

"Basi kula."

Tukala. Kwetu mtoto hanyanyuki kabla baba hajamaliza, nami nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna sheria hiyo. Sisi tulimaliza, yeye bado. Tonge, mapumziko, tonge. Mguu wangu ukafa ganzi. Kazi ya hesabu ilikuwa inaningoja, sikuwa nimeigusa tangu Ijumaa. Ugali ukapoa, ukaota ngozi juu. Nililitazama dole gumba mpaka nikaona kama limetikisika, kisha sikuwa na hakika.

Mama akashindwa kuvumilia. "Baba watoto, nikuletee kijiko umalizie?"

"Kaa chini," baba akasema, mdomo umejaa. "Sijashiba."