Askari Kwenye Kopo la Mbegu

Duka langu ni ukurasa tu kwenye simu. Robota la midoli ya mitumba likifunguliwa sokoni Kasulu, nachambua vijisanamu vya mchezo wa vita wa mezani, vidogo kama kidole gumba, nauza kimoja kimoja kwa wachezaji wa Dar. Mwanzoni nilikuwa nachanganya askari wa majeshi tofauti, na wateja walinisema vibaya sana.

Mama hajawahi kuuona mchezo huo. Alipochoka kunisikia nikilalamika, alivimwaga vijisanamu vyote kwenye ungo wake wa maharage.

“Wewe unatazama sura. Tazama wanachokanyaga.”

Kumbe vibao vyao vya kusimamia vilitofautiana! Mara kila jeshi likawa upande wake, na tangu hapo hakuna mteja aliyerudisha kitu.

Lakini askari mmoja wa mzigo ule, aliyepakwa rangi hadi kwenye kucha, hakuwepo tena kwenye ungo. Nilimkuta ndani ya kopo la mbegu, ambamo Mama huweka maharage bora ya kupanda.

“Mama, huyu ndiye wa bei!” nikafoka.

“Aliye bora hauzwi, mwanangu. Huyo ni mbegu.”

Nilitaka kumwambia plastiki haioti. Nikamrudisha koponi. Siku hizi, kabla sijapiga picha mzigo mpya, namtoa koponi, namsimamisha kando ya wenzake, nione wamepungukiwa nini.