Tone la Pili la Damu, Koboko

Siku yangu ya kwanza maabara, mjini Arua, kaskazini mwa Uganda, miaka ya themanini ilipoanza, Mkuu wa Maabara alinikuta nikikimbiakimbia na vioo. Akaniambia, "Binti, keti. Haraka iko sokoni, hapa hakuna." Kwake nilijifunza kupaka tone nene la damu kwenye kioo, kulikausha, kulitia rangi, kisha kutafuta kwa hadubini vimelea vya malaria, vile anavyotuachia mbu jike akituuma. Huonekana kama vipete vidogo.

Baadaye nilihamishiwa Koboko, chini ya Mganga Msaidizi, mtu mcheshi aliyependa kazi iishe mapema. Asubuhi moja Mama Hawa wa kijiji cha Midia alimleta mumewe, sajini mstaafu, juu ya baiskeli. Mzee alikuwa anaungua kwa homa na kuwaamrisha askari tusiowaona. Nilipima damu yake. Sikuona kitu.

Ndugu ya mzee, aliyewasindikiza, akasimama. "Hii mutu iko na jini. Tunarudisha yeye nyumbani."

Nikamwuliza Mama Hawa kama mgonjwa alikuwa amekunywa dawa.

"Klorokwini mbili, juzi. Ikawasha yeye mwili, akaacha."

Hapo nikashtuka. Dawa kidogo huweza kupunguza vimelea damuni hata visionekane, bila kuvimaliza. Nikaenda kwa Mganga.

"Bwana Mganga, naomba nimtoe tone lingine. Wasiondoke kwanza."

"Na ukikosa tena?"

"Nitatoa la tatu."

Akacheka, akaenda kuwazuia ndugu kwa maneno. Aliwaeleza jinsi mashimo ya matofali yanavyotuamisha maji na kuzalisha mbu. Mimi nilitazama kioo cha pili mpaka shingo ikakakamaa. Nikaona kipete. Kisha kingine. Mganga aliinama, akatazama, akasema tu, "Kwinini."

Tulimtundikia dripu ya kwinini pamoja na maji ya sukari, maana malaria ya kichwani, na dawa yenyewe, hushusha sukari mwilini. Siku mbili sikula vizuri. Ya tatu mzee akafungua macho, akanikagua.

"Wewe, chai iko wapi?"

Mama Hawa alicheka mpaka akalia.

Vijana wa leo wana kipimo cha dakika chache, nami nawafurahia. Ninawaomba tu wamwulize mke wa mgonjwa. Yeye ndiye anayejua kilichomezwa nyumbani.

Nimestaafu. Macho hayaoni tena tundu la sindano, wajukuu ndio hunitungia uzi. Sisikitiki. Yalishafanya kazi yao.