Damu ya Solo

Leonie Verspoor aliposwa mara moja tu maishani, akakataa. Nilikuwa jirani yake mjini Hague kwa miaka sita, na kisa hicho alinisimulia mwenyewe zaidi ya mara moja, kwa fahari, kama askari mstaafu anavyosimulia vita alivyoshinda.

Mwanamume aliitwa Ferdi Haspels, fundi redio, mcheshi, mpiga gitaa. Wote wawili walikuwa Waindo, yaani kizazi cha Waholanzi na wanawake wa Java, waliohamishiwa Uholanzi kwa meli baada ya koloni kufa. Ubaya wa Ferdi ulikuwa bibi yake mzaa mama. Kila mtu alijua kwamba bibi huyo alikuwa suria wa askari katika kambi ya jeshi ya Magelang, huko Java. Leonie naye alikuwa na bibi wa mama yake, binti mfalme wa Solo, mji wa kasri huko Java, aliyetoroka kasri kwa sababu ya kumpenda kapteni wa Kiholanzi.

"Mama alisema damu ya Solo haimwagwi kambini," Leonie aliniambia. "Nikaona kweli. Ferdi akaenda zake California. Ana wajukuu sasa."

"Hukulia?"

"Jirani, binti mfalme hamlilii fundi redio."

Alicheka peke yake.

Sijawahi kula kwenye meza ya Waindo isiyo na binti mfalme. Kuna wa Solo, kuna wa Yogya, kuna na wa makasri ambayo sikuyaona kwenye ramani yoyote. Sikukutana hata siku moja na mtu aliyetokana na mpishi. Ukiwasikiliza wote utadhani makasri ya Java yalibaki na walinzi na paka tu, mabinti wote wamekimbilia kwa makarani wa Kiholanzi. Hilo sikulisema mezani kwa Leonie, kwa sababu kila Jumapili alipika rendang, nyama ya nazi na viungo, ambayo sijaipata kwingine, na kwa sababu ukutani, nyuma ya kioo, kilining'inia kitambaa.

Kilikuwa batiki ya rangi ya kahawia, mchoro wa parang, mistari ya mawimbi iliyolala mshazari. Kwenye kasri za Java mchoro huo ulikuwa wa ukoo wa mfalme tu. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuuvaa. Kitambaa kilikuwa cha bibi yule. Kwa familia ya Verspoor, hapo kesi imekwisha.

Aliyeichokoza kesi ni kaka yake, Guus, siku ya Jumapili, akiwa amejaza mdomo.

"Dada, huyu binti mfalme wetu hivi jina lake nani?"

"Raden Ayu."

"Hicho ni cheo. Jina?"

"Guus, kula."

"Nauliza tu. Mbwa wangu ana jina, bibi yetu hana?"

Mke wa Guus, Mholanzi mtupu, alicheka hadi akapaliwa. Leonie alinyanyuka akaenda jikoni, na aliporudi na bakuli la sambal, pilipili ya kusaga, alikuwa ameshaamua. Angekwenda Solo. Mimi nilikuwa nimeishi Java na najua Kiindonesia, kwa hiyo ningekuwa mdomo wake.

Kwenye ndege hakulala. Tulipokuwa juu ya bahari aliniambia, akitazama dirishani, "Nikithibitishiwa, basi sikukosea."

Sikumuuliza kukosea nini.

Siku ya kasri alivaa vile alivyoona inampasa. Kitambaa alikitoa kwenye kioo, akakifunga kiunoni, juu yake blauzi nyeupe ya lesi kama ya mabibi wa zamani kwenye picha. Mlinzi wa lango alimwona kutoka mbali. Akaja mbio, ameinama, mikono ameikutanisha kifuani.

"Samahani sana, Mama. Samahani. Parang hairuhusiwi kuingia ndani. Ni ya wenyewe tu."

Nilipomtafsiria, uso wa Leonie uling'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Umesikia? Mwambie na mimi ni mwenyewe!"

Nilimwambia. Mlinzi aliinama zaidi, akasema ndiyo, ndiyo, bila shaka, na akamwelekeza kwenye chumba cha pembeni avue. Mholanzi akisikia ndiyo, ni ndiyo. Kwa Mjava ndiyo ni njia ya kukwambia kwamba amekusikia. Leonie aliingia kile chumba kama mtu anayeingia kuvikwa taji.

Ndani palikuwa na mwanamke wa makamo, mtu wa kasri, kazi yake kuwaazima wageni vitambaa visivyo na mchoro. Aliitwa Ibu Retno. Alikipokea kitambaa cha Leonie kwa mikono miwili, akaanza kukikunja, halafu akasita. Alikigeuza upande wa nyuma. Akapitisha kidole. Akamalizia kukunja, taratibu, kwa heshima ileile.

"Kizuri sana," alisema. "Kimetunzwa vizuri sana."

"Muulize ni cha miaka gani," Leonie alisema. "Muulize binti gani wa hapa alikimbia na kapteni."

Ibu Retno alitabasamu. Alisema hadithi za namna hiyo ni nyingi. Alisema kwamba mwezi huu wamekuja wageni kutoka Uholanzi, na mwezi uliopita pia, na kila mmoja anakaribishwa.

"Ameona kitu," Leonie aliniambia. "Mbona alisita? Mwambie aseme. Sikuruka nusu ya dunia kuja kutabasamiwa."

Nilimwambia Ibu Retno, kwa maneno laini kuliko hayo. Alinitazama kama anayeniuliza kama nina hakika. Halafu alikifungua kitambaa na kukitandaza mezani, akamwonyesha Leonie sehemu moja, na nyingine, na nyingine. Kila baada ya upana wa kiganja, mstari uliruka kidogo; ncha ya wimbi moja haikukutana sawasawa na mwanzo wa lingine.

"Hii haikuchorwa kwa mkono," alisema. "Imepigwa chapa ya shaba. Ya sokoni. Ya humu ndani ilichorwa kwa nta, mstari kwa mstari, miezi mingi. Chapa haikuvaliwa hapa, Mama. Hata na wapishi wetu."

"Kwa nini basi nimevuliwa mlangoni?"

"Mlinzi ameona mchoro tu, Mama. Kwa mbali."

Leonie alikuwa akikitoa kitambaa kile kwenye kioo na kukipiga pasi kila mwaka mpya kwa miaka thelathini. Ile mistari iliyoruka alikuwa ameipitisha pasi mwenyewe.

Hakuingia kasrini. Tulikaa nje kwenye benchi, akiwa amevaa kitambaa cha kuazimwa, mpaka nikamkumbusha akirudishe.

Mama yake, Bi Coba, alikuwa na miaka themanini na tatu, kwenye nyumba ya wazee karibu na bahari. Wiki tuliyorudi Leonie aliniomba niende naye. Nadhani alitaka shahidi. Tulimkuta akinywa chai, nywele zimechanwa, pete zote vidoleni.

"Mama, kitambaa ni cha sokoni."

"Kwani ulidhani cha wapi?"

Leonie alikaa chini.

"Bibi Saminah alikinunua mwenyewe, Magelang," Bi Coba alisema. "Alikipenda. Alikuwa na macho ya vitu vizuri."

"Ulikuwa unamjua jina?"

"Nilimjua yeye mwenyewe, sembuse jina. Alikuwa na askari mmoja wa kambi, halafu na mwingine. Huyo wa pili ndiye babu yangu. Hata ukapteni hakuufikia." Alipuliza chai. "Tulipofika huku walituweka watano chumba kimoja, mwenye nyumba anatuuliza kama tunajua kutumia choo. Kila mtu alihitaji kitu. Mimi nikachukua mfalme."

"Na Ferdi?"

Bi Coba alizungusha pete kidoleni.

"Mama. Ulinikataza Ferdi kwa sababu ya bibi yake. Na wetu ni walewale!"

"Si walewale, mwanangu. Ni majirani." Sauti yake haikubadilika. "Kambini walilala wote ukumbi mmoja, kila askari na mwanamke wake, katikati pazia. Bibi yake Ferdi alikuwa upande wa pili wa pazia la Saminah. Mama yake Ferdi alikuwa anajua kila kitu. Ungeolewa na yule kijana, yule mwanamke angekaa mezani kwangu kila Jumapili, akiniangalia."

Muuguzi aliingia na biskuti, akatuuliza kama tunastareheka. Tulisema ndiyo.

"Nitawaambia wote," Leonie alisema muuguzi alipotoka.

"Waambie. Nina miaka mingapi iliyobaki ya kuona aibu?" Bi Coba alichagua biskuti. "Lakini watakuuliza ulibaki peke yako kwa nini. Uwe na jibu."

Jumapili familia nzima ilikuja. Leonie alipika tangu alfajiri. Meza haikuwa na nafasi ya kuweka glasi. Guus alisubiri mpaka kila mtu akapakua.

"Haya, Mtukufu. Walikupigia mizinga?"

Leonie aliweka kijiko chini. Alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, mimi hakunitazama.

"Walinizuia langoni," alisema. "Kwa ajili ya kitambaa. Walisema parang ni ya wenyewe tu."

Wakapiga kelele. Wifi yake alisema, "Mungu wangu, kumbe kweli!" Guus alinyanyua glasi, macho yamemlowa, akasema anaomba radhi kwa bibi na kwa dada yake. Halafu akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo, jirani. Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema. "Mlinzi alikuja mbio."

Jumapili iliyofuata sikualikwa, wala iliyofuata hiyo. Nilikutana naye kwenye duka la mikate, akiwa kwenye foleni mbele yangu, nikamuuliza kama nimemkosea.

"Hapana, Bwana," alisema. Hakuwahi kuniita Bwana. "Ni meza tu. Tumekuwa wengi." Akachukua mkate wake, akatoka.