Sitini na Moja ya Mama Usingizi

Wapwa zangu, mnaniona na fimbo mkadhani nilizaliwa nayo. Miaka ishirini na miwili nilisukuma machela kwenye hospitali ile ya ghorofa mbili, na hakuna mgonjwa aliyeanguka mikononi mwangu. Mmoja aliruka mwenyewe, huyo simhesabu.

Lakini leo si zamu yangu. Leo ni ya Mama Usingizi, nesi aliyelaza watu kabla ya kisu. Mfupi, miwani imefungwa kwa plasta, na kandambili zake ungezisikia toka mwisho wa korido. Mimi aliniita Mkwe, eti nimeoa machela.

Siku moja nilimsukuma mpwa wangu mwenyewe, dada yenu tunayemwita Kicheko. Alizaliwa na hitilafu ya ubongo. Hasemi, hatembei, ila kwa kucheka anatushinda sote. Nyonga ilikuwa imechomoka, ikarekebishwe. Mama yake, dada yangu, akanishika mkono mlangoni.

"Kaka, akisikia kisu hawezi kusema. Nani atajua?"

"Si mimi nipo?" nikajigamba, maji yakiwa shingoni.

Nilitakiwa nimwache ndani nitoke. Nikajisahau makusudi.

Kabla ya dawa yoyote, Mama Usingizi akambandika ukanda kwenye paji la uso. Ukanda ule husikiliza ubongo, na mashine hutoa namba: aliye macho hukaribia mia, aliyelazwa kwa kisu huwa kati ya arobaini na sitini. Kicheko yu macho kabisa, lakini kioo cha mashine kikasema sitini na moja.

"Mbovu hii!" Nikaipiga kofi ubavuni, kama tulivyopiga redio nyumbani.

"We Mkwe! Ukiivunja nitakulaza wewe. Hebu mchekeshe mtoto."

Nikacheza masikio yangu, kipaji ambacho hamkurithi hata mmoja. Kicheko akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Namba haikubanduka, ikabaki pale pale. Mama Usingizi akaiandika kwenye kipande cha plasta, akakibandika juu ya kioo.

"Hii ndiyo yake akiwa macho. Ubongo wake una hesabu zake."

Dawa ikaingia, namba ikashuka hadi arobaini na nane. Daktari wa upasuaji akasogea.

"Amelala fofofo. Nianze?"

"Kwa kitabu amelala, daktari. Kwake bado. Huyu ameanzia sitini na moja, si mia."

Akamfinya Kicheko begani. Mapigo ya moyo yakapaa, chozi likachuruzika pembeni ya jicho.

"Umeona?"

Daktari akarudisha kisu kwenye trei. Mama Usingizi akaongeza dawa kidogo kidogo, akichunga mapigo na presha, maana kuzidisha nako ni hatari. Akafinya tena. Mapigo yakatulia tuli.

"Sasa karibu."

Kazi ilipoisha namba ikapanda kwa uvivu, hamsini, hamsini na sita, ikagota kwenye ile ya plasta.

"Masikio, Mkwe."

Nikayacheza. Kicheko akatoa kacheko kazito, ka mtu aliyeamshwa mapema.

Nje nikamwambia dada: "Hajasikia kitu. Nimesimamia mwenyewe."

Mama Usingizi alikuwa nyuma yangu. Hakunikanusha; alipita zake, kandambili zikipiga kofi sakafu.

Alishatangulia mbele ya haki. Plasta ile ipo ndani ya mlango wa kabati langu, wino umefifia. Kila Kicheko akija nalifungua kabati, naisoma kwa sauti, kisha nacheza masikio.