Breki ya Chini ya Maji

Miaka kumi na tisa alikaa kiti cha abiria akilipwa kuogopa. Ndiyo kazi ya mwalimu wa udereva hiyo, msidanganywe na sare. Mwanafunzi anashika usukani, mwalimu anashika roho. Chini ya miguu yake palikuwa na breki ya pili, ile ya mwalimu, na mguu wake wa kulia uliizoea hata ukawa unakanyaga kabla kichwa hakijajua kuna nini. Wenzake wakamwita Breki. Mumewe, fundi wa friji, naye alimwita hivyo, na alikuwa na sababu: zulia la gari lake la kazi lilikuwa na tundu upande wa mkewe.

Sasa huyu Breki, miaka arobaini na mitatu, magoti yameshaanza kulalamika, akaamua anataka kuwa mwalimu wa kupiga mbizi. Yaani wale wanaojitwika mtungi wa hewa mgongoni na kushuka baharini na wanafunzi wao. Jamani!

Kisa ni mwanafunzi wake mmoja, mwenye kituo cha kupiga mbizi, mtu mpole ambaye maneno yake kwa siku unaweza kuyafunga kwenye leso. Tumwite Kimya, maana ndivyo kila mtu alivyomwita. Kimya alipata leseni ya udereva mara ya nne, na kwa shukrani akampeleka Breki bwawani, akamvalisha mtungi, akamshusha mita tatu. Kule chini Breki alisikia pumzi yake mwenyewe tu. Hakuna honi, hakuna wa kuambiwa "punguza mwendo, mama, lile ni lori." Alipoibuka alikuwa analia. Kimya akadhani ameumia sikio.

"Niache, bwana," Breki alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naendeshwa na mimi mwenyewe."

Kesho yake, akiwa anamsubiri mwanafunzi aliyechelewa, alibandua kalenda ya shule ya udereva, akaigeuza nyuma, akachora mpango wake. Alichora barabara, maana kingine hajui kuchora. Gia ya kwanza, cheti cha kuanzia. Ya pili, cha kuendelea. Ya tatu, kuokoa watu. Ya nne, kuongoza waliokwisha kujua. Ya tano, mwalimu. Cheti cha daktari alikichora kama kizuizi cha polisi, na zile mbizi mia moja zinazotakiwa akazichora mlima mkali wenye kona. Akakadiria miaka miwili. Mumewe aliiangalia ile ramani akacheka mpaka akakaa.

"Wewe? Chini ya maji hakuna kuongea. Utapasuka."

Hakupasuka. Ila miaka miwili ikawa minne, kwa sababu Jumamosi ni chache na mlima ulikuwa mlima kweli.

Mama mkwe, aliyeishi nao, hakuambiwa kitu. Aliambiwa ni semina. Mama mkwe yule siri akipewa asubuhi, adhuhuri inarudi kwako imeongezwa chumvi, kwa hiyo mtu usimlaumu Breki. Lakini mkubwa hadanganywi kirahisi. Jumamosi moja alikuta taulo kwenye kamba, akalishika, akalinusa, akalilamba.

"Mke wa mwanangu," aliita. "Semina gani hii inayotoa chumvi?"

Breki akamwaga yote. Alitegemea kelele, au angalau kikao cha ukoo. Mama mkwe aliitazama ile ramani, akaweka kidole kwenye gia ya tano.

"Na hapa wanakupimaje?"

Hapo ndipo penye utundu. Kwenye mtihani wa ualimu wa mbizi, mtahini anawanong'oneza wanaoigiza wanafunzi wafanye makosa makusudi: mmoja abane pumzi, mwingine atoe kipumulio mdomoni. Wewe mtahiniwa huambiwi nani wala lini. Kazi yako ni kulidaka kosa kabla halijawa kosa.

"Yaani kuna watu kazi yao ni kukosea makusudi?" Mama mkwe alisimama. "Mbona hukusema mapema!"

Kuanzia siku ile sebule ikawa bahari. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki, miwani ya kuogelea usoni, kipande cha mpira wa kumwagilia bustani mdomoni, dumu tupu limefungwa mgongoni, na akakosea kwa kipaji alichonyimwa nafasi ya kukitumia miaka sitini na minane. Alibana pumzi mpaka mashavu yakavimba. Alivua miwani akamrushia mwanawe. Siku moja aliinuka katikati ya somo akaenda jikoni kuonja mchuzi, na alipoulizwa akasema amechukuliwa na mkondo.

Makosa yote Breki aliyaona. Shida ilikuwa mguu. Kila kosa lilipotokea, mguu wa kulia, paa! unakanyaga breki. Stuli ziliruka, meza ikapata kilema. Na huko majini, mguu ule ukiwa umevaa pezi refu la mpira, si mguu tena, ni rungu. Kimya alishalipata mara mbili mbavuni.

"Mguu," alisema, na kwa Kimya hiyo ni hotuba.

Dawa aliileta mama mkwe: kengele ndogo ya paka aliyehama nyumba, imefungwa kwenye kifundo cha mguu wa Breki. Ikilia, somo linaanza upya. Wiki ya kwanza mtaa mzima ulidhani wamenunua mbuzi. Mwezi wa pili kengele ilinyamaza kabisa.

Ndipo Breki akaota mapembe. Wiki mbili kabla ya mtihani akaandika barua ya kuacha kazi. Kabla ya mtihani! Mkurugenzi wa shule ya udereva aliisoma, akaikunja vizuri.

"Kiti chako nakuwekea mpaka Jumatatu," alisema. "Ukifeli, karibu. Ila utasimama mbele ya wenzako wote, useme kwa mdomo wako, 'Nimerudi kukanyaga breki.'"

"Nitasema," Breki alijibu. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nafasi ya mwalimu kituoni kwa Kimya ilikuwa moja, na mtahini alikuja mara moja kwa mwaka.

Siku yenyewe, bwawani. Wanafunzi wa kuigiza wawili, na mtahini, mzee mkavu mwenye kibao cha kuandikia majini, akajiweka nyuma ya Breki aone vizuri. Somo likatulia kama maji mtungini. Mara, yule mwanafunzi jitu la miraba minne akatoa kipumulio, akabana pumzi, akaanza kupaa juu kama kizibo. Kosa baya kuliko yote, linalopasua mapafu. Breki akamdaka mkanda kwa mkono wa kushoto.

Na mguu, Mungu wangu, ukakanyaga breki.

Pezi lilitua katikati ya uso wa mtahini. Miwani ikaruka, kibao kikazama. Mzee wa watu, aliyekuja kuandika, akanywa maji kwa pua, akaanza kutapatapa kuelekea juu, safari hii bila kuigiza.

Breki alitaka kufa. Lakini mkono wa kulia haukusubiri: ulimshika mzee kizibao chake cha mbizi, ukamtuliza, kama ulivyoushika usukani wa vichaa kwa miaka kumi na tisa. Jitu kushoto, mtahini kulia, mpaka jitu likarudisha kipumulio mdomoni na mkono wa kushoto ukawa huru. Alimkazia macho mzee, akamwonyesha kwa ishara: pumua, taratibu. Akaiokota miwani, akampa, akamwonyesha namna ya kuivaa na kutoa maji kwa kupuliza pua. Somo la kwanza la gia ya kwanza. Mtahini mwenye uzoefu wa miaka thelathini akalifuata, hatua kwa hatua, kama mtoto mtiifu.

Wakaibuka wote. Pua ya mzee ilikuwa nyekundu.

"Lile teke," alisema, "lilikuwa kwenye mpango wako wa somo?"

Breki angeweza kudanganya. "Hapana, mzee. Ilikuwa breki."

Mzee aliagiza kibao kitolewe chini, akaandika, akampa asome mwenyewe. *Amefaulu. Anaokoa wawili kwa mpigo. Mtahini asikae nyuma yake.*

Jumatatu Breki alipita shule ya udereva, akakabidhi sare, akamwomba Mkurugenzi akae yeye kile kiti, asikie utamu wake. Halafu akaenda bwawani kupokea mwanafunzi wake wa kwanza. Alimkuta ameketi ukingoni, taulo begani, miguu majini, na kengele ya paka mkononi.

"Mama! Umefuata nini huku?"

Mama mkwe alitazama maji, si yeye. "Unajua mimi nimekaa kiti cha abiria miaka mingapi?" alisema. Kisha akainama, akamfunga kengele mguuni. "Haya, mwalimu. Na leo sikosei makusudi."